Umeosha Kutu Yote, Hadi Ile Nzuri

Bunduki aliyoniachia baba ni ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Ubao wake wa mbele ni mwembamba, kiasi kwamba mkono wa kushoto haushiki mbao bali unashika chuma chenyewe. Dole gumba hulala juu ya mtutu wa kushoto, vidole vingine vinazunguka kwa chini, na ukishinda kutwa nzima unapiga sahani za udongo zinazorushwa hewani, juani, jasho lote la kiganja hicho linaishia kwenye chuma.

Siku moja nilirudi hoi. Nikapitisha kitambaa kikavu juu juu, nikaifungia ndani ya kasha lake lenye sponji, nikaisahau wiki tatu. Nilipofungua, dole gumba langu lilikuwa linanitazama. Alama kamili, rangi ya chungwa, mistari yake yote ya mviringo unaweza kuihesabu, kama ile ambayo watu huchukuliwa kwa wino. Upelelezi usingekuwa na kazi.

Kosa la kwanza lilikuwa uvivu. La pili lilikuwa juhudi. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kuondoa kutu, ile yenye tindikali ya fosforasi ambayo watu hupaka kwenye mageti na mabomba kabla ya rangi. Nikachovya kitambaa, nikasugua. Kutu ikatoka, nikajipongeza. Nikasugua tena kidogo ili pasibaki kitu, na nilipofuta nikakuta mahali pa alama pana doa jeupe la saizi ya yai, linang'aa kama bati jipya, katikati ya mtutu mweusi uliokuwa umekaa miaka yote hiyo bila doa.

Niliipeleka kwa fundi bunduki, mzee wa maneno machache. Aligeuza mtutu kwenye mwanga, akanusa kitambaa changu, akaniuliza nimetumia nini. Nilipomweleza akacheka.

"Umeosha kutu yote, mwanangu," alisema, "hadi ile nzuri."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuelewa jambo ambalo nilidhani nalijua. Mimi nilifikiri ile buluu ya bunduki ni rangi, kitu kilichopakwa juu ya chuma. Kumbe ni chuma chenyewe kilichopata kutu kwa mpangilio. Chuma kikikutana na maji na hewa ovyo ovyo, kinazaa kutu nyekundu, na kutu hiyo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inavimba, inapasuka, inabanduka, na chini yake chuma kingine kinabaki uchi kikisubiri zamu yake. Lakini ipo kutu ya aina nyingine, nyeusi, ambayo wanakemia huiita magnetaiti. Hiyo haibanduki. Inashikamana na chuma kama ngozi, kwa unene wa maikromita moja au mbili tu. Ukiitazama kwa ubavu juani inatoa ubuluu, ndipo lilipotoka jina, ingawa wengi wetu tukiiona tunasema nyeusi na tunaendelea na safari. Tindikali yangu haikubagua. Kwa tindikali, kutu ni kutu.

Nilimwomba fundi aichovye mitutu kwenye dawa ya moto, kama nilivyosikia viwandani wanafanya. Huko wanachemsha magadi makali, yaani soda kaustiki, pamoja na chumvi za naitreti, na kwa sababu ya wingi wa chumvi hizo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali yanafika kama 140. Chuma kikizama humo kinatoka cheusi ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo njia iliyotia weusi kwenye bunduki nyingi tunazoziona leo. Fundi akatikisa kichwa. Mitutu miwili kama hii imeunganishwa kwa madini ya risasi na bati, akaniambia, na magadi hayo ya moto yanakula ule uungo. Ukiichovya unaweza kuitoa nyeusi ya kupendeza, halafu baada ya muda ule ukanda wa katikati unaachia. (Aluminiamu nayo haiwezi kuchovywa humo, kwa sababu magadi yanaiyeyusha. Bastola yenye fremu ya aluminiamu na slaidi ya chuma, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma kila unapopiga, lazima itiwe weusi kwa njia mbili tofauti.)

Basi akatumia njia ya zamani, ile ya taratibu, na akaniruhusu nikae nitazame. Kwanza aliing'arisha mitutu kwa msasa, kutoka mkali hadi laini, kwa mikono, kwa urefu tu, bila kuzungusha. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Weusi haufichi mkwaruzo hata mmoja. Chuma kilichong'arishwa hadi kikawa kioo kitatoa buluu yenye kina, na kile kilichopitishwa msasa kwa pupa kitatoa weusi uliofifia, dawa ni ileile. Baada ya hapo aliondoa mafuta yote, akaziba mitutu kwa vijiti vya mbao pande zote mbili ili aishike kwa vijiti, na tangu dakika hiyo hakuna mkono mtupu uliogusa chuma. Alama moja ya kidole na pale dawa haishiki.

Kisha akapaka maji ya tindikali, kidogo tu, kama mtu anayepangusa vumbi, akaitundika kwenye kabati lenye unyevu. Baada ya saa kadhaa alipoitoa nilishtuka. Mitutu ya baba ilikuwa imefunikwa kutu nyekundu mwanzo hadi mwisho, laini kama mahameli. Nilidhani imekwisha. Yeye akaizamisha kwenye karai refu la maji yaliyochujwa yanayochemka, na palepale mbele ya macho yangu ule wekundu ukaanza kugeuka, kwanza kahawia, kisha kijivu, kisha mweusi tii. Haikuongezwa dawa yoyote. Ni maji ya moto tu, na kutu mbaya ikawa kutu nzuri. Akaitoa, akaisugua kwa burashi laini ya waya, vumbi jeusi likadondoka, na chini yake kukabaki kivuli hafifu cha kijivu.

"Hiyo ni mara ya kwanza," alisema. Alirudia mara saba. Kila mara kivuli kilizidi kuwa kizito.

Nikitoka pale nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba bunduki yangu ijayo haitakuwa na mambo haya. Nilitaka kitu cha kufuta na kuondoka. Nilipopata nafasi nikanunua rivolva, bastola ile ya silinda inayozunguka, ya stenlesi.

Hapa kuna tatizo la lugha ambalo linanichekesha. Wazee walisema "chuma cha pua" wakimaanisha chuma kigumu, kile cha visu na majembe mazuri, na chuma hicho kinapata kutu vizuri tu. Siku hizi wauzaji wanasema "chuma cha pua" wakimaanisha stenlesi. Ukisoma tangazo la bunduki "ya chuma cha pua" huna hakika unauziwa kipi. Mwingine anasema "chuma kisichoshika kutu", na huyo ndiye anayedanganya zaidi, hata kama hajui. Ukweli ni chuma kinachochelewa kushika kutu.

Kinachokichelewesha ni kromu. Ikifika walau asilimia kumi na nusu ndani ya chuma, inafanya kazi ya ajabu: inakutana na hewa na kutengeneza utando wake, mwembamba kuliko kitu chochote utakachoweza kukiona, nanomita chache tu. Utando huo hauna rangi. Ukiukwaruza unajirudisha wenyewe, mradi kuna oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo ukitafakari utaona kwamba vyuma vyote viwili vinajikinga kwa mbinu moja, ya kutanguliza kutu njema ili kutu mbaya ikose nafasi. Tofauti ni kwamba ile ya buluu ikikwanguliwa haijirudishi, na ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo bila mafuta ya kukaa ndani ya vitundu hivyo haikingi kitu kikubwa. Buluu peke yake ni kama sponji. Anayekinga ni mafuta.

Chuma hiki kilizaliwa kwa sababu ya bunduki. Mwaka 1912, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipewa kazi ya kutafuta chuma cha mitutu ambacho hakitalika upesi kwa gesi za moto za baruti. Mnamo Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromu asilimia 12.8, na alipotaka kukichunguza kwa tindikali, kama ilivyo desturi ya maabara, tindikali ikashindwa kukiuma. Akaona faida yake haiko kwenye mitutu tu, na kikaenda kutengeneza visu vya mezani. Bunduki ikaachwa ikisubiri. Hadi mwaka 1965 ndipo kampuni ya Smith & Wesson walipotoa Model 60, rivolva ndogo ya risasi tano, ya kwanza ya chuma hicho kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Zaidi ya nusu karne kupita kwa mlango wa jikoni!

Sababu moja ya kuchelewa ni kwamba stenlesi ni kaidi. Vipande viwili vya aina moja vikisuguana kwa nguvu, utando unachubuka, na chuma kinang'ang'aniana kwa chuma, kila kimoja kinanyofoa mwenzake. Bastola za mwanzo za stenlesi zenye slaidi inayoteleza juu ya fremu zilijulikana kwa ugonjwa huo. Watengenezaji walijifunza kutumia vyuma viwili vyenye ugumu tofauti, na leo kilio hicho kimepungua sana, lakini mtu anayekuambia stenlesi haihitaji mafuta anazungumzia ngozi ya nje tu. Pale panaposuguana, tia mafuta, na ikibidi tia mengi kuliko ungetia kwenye ya buluu.

Halafu stenlesi si moja. Vijiko vingi vya mezani vina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndiyo maana ukiviwekea sumaku mara nyingi hainasi. Chuma hicho hakigeuki kigumu kwa kukichoma moto na kukipoza, kwa hiyo hakifai mtutu wala silinda. Bunduki hutumia jamii nyingine, yenye kromu kidogo, inayonaswa na sumaku, na inayokubali kugumishwa. Aina inayopendwa sana kwa mitutu, 416, huongezwa salfa ili ichongeke kwa urahisi, na salfa hiyo inaipunguzia ukinzani wa kutu. Yaani rivolva yako inashindwa na kijiko chako. Mimi sikulijua hilo siku niliponunua.

Mwaka wa kwanza nilikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni. Nilipiga shabaha, nikafuta, nikaweka. Nje ilikuwa safi daima, rangi ya mwezi. Nilipata mkwaruzo pembeni, nikausugua kwa kitambaa cha kukwangulia cha nailoni nikifuata mwelekeo wa mistari ya kiwandani, ukapotea. Jaribu kufanya hivyo kwenye buluu uone. Nilianza hata kumhurumia baba kwa miaka yote ya kupakapaka mafuta.

Siku moja kishikio cha mpira kilianza kulegea. Nikafungua skrubu yake, ambayo sikuwa nimeigusa tangu ninunue, nikakivuta. Kilitoka na sauti ya kunata, na harufu ya chumvi ya zamani. Ndani, pini inayoshikilia kishikio ilikuwa imelia machozi ya kahawia. Springi ilikuwa na magamba. Na kwenye fremu yenyewe, ile ya stenlesi, mahali ambapo ukingo wa mpira ulikuwa umebana, kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo, vyeusi, mfano wa matundu ya sindano. Nilipitisha ukucha nikavisikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Pini na springi sikuzishangaa sana nilipokwisha kutulia. Bunduki nyingi za stenlesi ni stenlesi pale macho yanapofika, ila springi, pini na mara nyingine vilengeo ni chuma cha kawaida. Vile vitundu vya fremu ndivyo vilivyoniuma. Sababu yake ni ileile ya utando. Nilisema unajirudisha mradi kuna oksijeni. Chini ya mpira uliobana hakuna hewa, ila jasho linapenya, na jasho lina kloraidi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa utando huo. Kloraidi inatoboa mahali pamoja, utando unakosa oksijeni ya kujiziba, na tundu linachimba kwenda chini badala ya kutanuka. Kutu ya stenlesi haitambai ikakuonyesha. Inachimba kisima.

Hapo ndipo nilipoanza kuichukia kidogo ile furaha ya mwaka wa kwanza. Bunduki ya baba ilikuwa imenilalamikia ndani ya wiki tatu, kwa rangi ya chungwa, juu kabisa, mahali ambapo kipofu angeiona. Rivolva ilinyamaza mwaka mzima.

Jasho nalo si sawa kwa watu wote. Mafundi wa viwandani wanawajua wenzao ambao wakishika chuma kilichochongwa leo, kesho kina kutu, na wengine wanaweza kukishika wiki nzima pasitokee kitu. Mimi ni wa kundi la kwanza. Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue ipi, swali langu la kwanza huwa kuhusu viganja vyake, kisha kama bunduki itakaa karibu na mwili au karibu na bahari. Kama jibu ni ndiyo, achukue stenlesi bila kusita, ila afungue kishikio kila mwezi. Hilo la pili ndilo watu hawalisikii. Kwa bunduki ya kutoka kabatini Jumamosi na kurudi Jumamosi hiyohiyo, buluu inatosha kabisa.

Mng'ao ni hoja ya wawindaji, na ni ya kweli. Mtutu wa stenlesi uliosuguliwa unarudisha jua kama kipande cha kioo, na mnyama anauona mweko huo kabla hajakuona wewe. Viwanda huupiga mchanga ili ufifie. Unafifia kweli, lakini uso uliokwaruzika unashika chumvi na unyevu kuliko uliolainishwa, kwa hiyo unarudisha nusu ya ulichonunua.

Zipo njia nyingine na sitazidharau. Fosfati ya kijivu ambayo majeshi yaliipenda inanywa mafuta kuliko buluu na haina urembo wowote. Naitrojeni inayoingizwa ndani ya chuma, kama kwenye slaidi za bastola za Glock, inakinga kuliko vyote nilivyotaja na inakaa miaka. Ukitaka akili peke yake iamue, chukua hiyo, mjadala umeisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunionyesha slaidi ya Glock kwa kuigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha.

Buluu inageuzwa dirishani. Kampuni ya Colt walipotoa rivolva yao ya Python mwaka 1955 waliing'arisha hadi weusi wake ukawa kama maji ya kisima usiku, na hadi leo watu wanaizungumzia buluu ile kuliko wanavyozungumzia shabaha yake. Ilipofufuliwa mwaka 2020 ilianza na stenlesi. Naelewa kwa nini: kung'arisha hadi pale kunataka mikono na saa nyingi. Naelewa, na bado niliona kama wameleta jeneza bila maiti.

Matunzo yangu sasa ni machache. Sponji nimeitupa, kwa sababu inakunywa unyevu na kuubania kwenye chuma. Ala ya ngozi ni ya kubebea tu, silazi bunduki ndani yake, maana ngozi ina chumvi na tindikali za kiwandani. Mitutu ya baba naipaka nta nyembamba, ile iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho. Nyuzi za chuma za kusugulia, zile laini kabisa, naruhusu kwenye buluu pamoja na mafuta, ila hazigusi stenlesi kamwe. Zinaacha chembe za chuma cha kawaida juu yake, na chembe hizo zinaota kutu halafu mtu anailaumu stenlesi. Nikipiga risasi za zamani za kijeshi zenye fataki za klorati, yaani kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha risasi, mtutu unaoshwa kwa maji kwanza, mafuta baadaye, uwe wa buluu au wa stenlesi, kwa sababu chumvi inayobaki humo haiyeyuki kwenye mafuta. Ukitanguliza mafuta umeifunika tu blanketi.

Siku fundi aliponikabidhi mitutu ilikuwa myeusi ya kutulia, isiyong'aa sana, kama ilivyokuwa enzi za baba. Niliigeuza dirishani. Kwenye ule wa kushoto, ukiukalisha mwanga upande upande, nikaona vitundu: nusu duara ya mistari, hafifu, vyeusi ndani ya weusi. Dole gumba langu.

"Mzee, hii haikutoka," nilimwambia.

"Ningeweza kuitoa," alijibu. "Pale mtutu ni mwembamba. Nikuondolee chuma au nikuachie alama?"

Jumamosi iliyopita tulipiga sahani za udongo hadi jioni. Kabla sijaifunga nilipangusa mtutu wa kushoto kwa kitambaa chenye nta, na kitambaa kilipopita pale kilikwama kidogo, kama kinavyokwama siku zote.